Mke hodari, mume mwanafunzi: wapi pa kwenda kuteleza kwenye theluji bila kurudi na madeni

Swali: Nimecheza skii tangu nikiwa mwanafunzi. Njia nyekundu, zile ngumu kiasi, nazimudu vizuri, hata nyeusi, ngumu kuliko zote, nikiamka na nguvu. Mume wangu amejaribu siku mbili tu maishani, akaanguka vibaya, na sasa amekubali kwenda tena kwa shingo upande. Tunataka wiki moja Ulaya, kati ya Januari na Machi, na mfuko wetu si mnene. Nimeona ofa za Bulgaria, Andorra, Italia na Ufaransa, na bei zimenichanganya kabisa. Tuchague nini ili yeye ajifunze na mimi nisiboreke?

Jibu:

Dada, kabla hujalinganisha bei hata moja, fungua ramani ya kila kituo kilichomo kwenye ofa hizo na uangalie njia rahisi ziko sehemu gani ya mlima, na lifti (mitambo ya kuwapandisha watu mlimani) unazozitaka wewe zinaanzia wapi. Bei nitaifikia. Lakini kituo kitakachomfungia shemeji bondeni peke yake siku sita, huku wewe uko bonde la tatu ukitazama saa, ni ghali hata mkipewa kwa nusu bei.

Kwa watu kama nyinyi, milima ya skii naigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ile ambayo uwanja wa wanaoanza uko chini kijijini, na kila kilicho juu yake ni kigumu. Mwanafunzi anashinda kwenye zulia linalotembea na kilifti kifupi, na siku anapokuwa tayari kupiga hatua, hakuna pa kuipigia. Fungu la pili ni mlima uliogeuzwa juu chini: juu kuna njia pana na laini, lakini mteremko wa kurudi kijijini ni mkali. Mfano unaotajwa siku zote ni Les Deux Alpes ya Ufaransa. Kule juu kwenye barafu ya kudumu, lifti hufika karibu mita 3,600 na hata mtu wa wiki ya kwanza anaweza kufurahia, ila ukuta unaoshuka kijijini ndio unaowaliza watu saa kumi jioni. Sisemi mkikimbie kituo cha namna hiyo, maana gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, inaweza kumrudisha mtu chini akiwa ameketi. Nasema mjue mapema, msije mkagundua mkiwa juu. Fungu la tatu ni pale ambapo njia rahisi zimekaa mahali lifti nyingi zinapokutana, hivi kwamba wewe unapanda juu zaidi, yeye anabaki na mwalimu wake, na saa sita na nusu nyote mnajikuta kwenye mkahawa uleule bila kupigiana simu. Hilo ndilo fungu lenu.

Namna ya kulitambua ni hii. Weka kidole kwenye kituo cha juu cha lifti kuu, kisha ufuate njia ya kijani au ya bluu, yaani zile rahisi, hadi pale lifti ilipoanzia. Ikikatika katikati na kugeuka nyekundu, hata kwa kipande kifupi, ihesabu yote kuwa nyekundu, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kuruka mita mia mbili zinazomtisha. Halafu tazama alama za lifti zenyewe. Gondola kwa kawaida hupandisha na kushusha watu. Lifti ya viti mara nyingi humpandisha mwenye skii na kumwacha huko juu ajitafutie njia ya kushuka. Lifti ya kuburuta, ile inayokushika kiunoni au katikati ya mapaja na kukuvuta huku umesimama, huwaangusha wanaoanza kuliko hata mteremko. Kama uwanja wa mazoezi unategemea hizo tu, bila zulia linalotembea, ruka ofa hiyo.

Rangi nazo zisikudanganye. Ufaransa, Uhispania na Andorra wana kijani chini ya bluu. Italia na Austria huanza na bluu moja kwa moja, kwa hiyo bluu ya huko inaweza kuwa laini kama kijani cha Ufaransa, au isiwe hivyo kabisa. Kila kituo hupima kwa mlima wake. Kuna pia aina ya bluu inayowapata watu bila kutarajia: njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima ili kuunganisha sehemu mbili. Mteremko wake ni mdogo, ndiyo maana ikaitwa bluu, lakini upande mmoja kuna genge, na anayejua kusimama kwa kutanua miguu tu hana nafasi ya kutanua. Skii zinakusanya mwendo polepole, mapaja yanaanza kutetemeka, na nyuma anasikia watu wanakuja kwa kasi. Wewe hata hukumbuki kwamba njia hiyo ipo, kwa sababu uliipita kwa sekunde arobaini. Shemeji ataikumbuka mwaka mzima.

Idadi ya kilomita za njia, ambayo kila tangazo huiandika kwa herufi kubwa, kwenu haina uzito. Mwaka 2013 mtaalamu wa Kijerumani, Christoph Schrahe, alivipima vituo vilivyokuwa vikijisifu kwa mamia ya kilomita na kuonyesha kwamba baadhi yake vilikuwa vimeongeza chumvi nyingi. Vituo kadhaa vikalazimika kurekebisha takwimu zao. Na hata pale namba inapokuwa ya kweli, kilomita 600 za Les 3 Vallées, lile eneo kubwa la Ufaransa, unazilipia zote wakati mwenzako anatumia mbili. Wewe mwenyewe, ukiwa unarudi kula naye mchana, kilomita 80 hadi 150 zitakutosha sana.

Sasa tupige hesabu.

Bei ya skii inaamuliwa na kalenda ya shule kabla ya kuamuliwa na mlima. Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali kila mahali. Februari ni mbaya zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu Ufaransa imegawa shule zake katika kanda tatu ambazo huchukua likizo ya majira ya baridi kwa kupishana, hivyo msongamano unaendelea kwa takriban wiki nne, kuanzia mapema Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Katikati yake wanaingia Waingereza na likizo yao ya nusu muhula. Chumba kilekile, kitanda kilekile, bei inaweza kupanda mara mbili. Ukiondoa kipindi hicho unabaki na madirisha mawili: kuanzia wiki ya pili ya Januari hadi mwisho wa mwezi, na kuanzia wiki ya pili ya Machi kuendelea, mradi Pasaka isiangukie humo.

Januari theluji ni nzuri, foleni hakuna na bei ziko chini, lakini siku ni fupi na baridi inakata. Wewe utaipenda. Kwa mtu mwenye kumbukumbu ya kuanguka, kukaa kwenye kiti cha lifti akigandishwa na upepo asubuhi yote si njia ya kumbembeleza. Ningewapeleka Machi. Jua lipo, theluji hulainika kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, na anayeanguka kwenye theluji laini huinuka akicheka. Ubaya wa Machi ni kwamba vijiji vya chini huanza kubaki na matope na ukanda mmoja wa theluji ya mashine, kwa hiyo sharti ni mwinuko: mlale mita 1,800 au karibu na hapo. Hili ndilo linaloniondoa kwenye vijiji vizuri vya Tirol, Austria, kama Söll na Ellmau. Eneo lao la SkiWelt ni pana na linawafaa wanaoanza, lakini Söll iko karibu mita 700 tu na kilele chake cha Hohe Salve hakifiki hata mita 1,830. Januari sawa. Machi ni kamari.

Matumizi yanayofuata ni pasi ya lifti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Vituo vikubwa vya Ufaransa sasa pasi ya siku sita huvuka yuro 300 kwa mtu mzima mmoja. Mawakala hupenda kuwauzia wanandoa pasi mbili zinazofanana kwa sababu ni rahisi kwao. Usikubali. Shemeji siku mbili tatu za kwanza hahitaji mlima. Anahitaji zulia na lifti mbili fupi. Vituo vingi vina pasi ya wanaoanza kwa bei ndogo sana, na vingi vya Ufaransa vina lifti chache za mazoezi ambazo ni bure kabisa. Mnunulie hiyo kwanza. Akifika siku ya nne ameiva, mnunulie pasi za siku mojamoja au ya eneo dogo. Wewe nunua yako kwenye mtandao kabla ya kusafiri. Vituo kadhaa hupunguza bei kwa anayewahi.

Pesa mliyookoa hapo ipeleke sehemu mbili. Ya kwanza ni masomo yake. Darasa la kikundi la asubuhi, siku tano au sita, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote mtakayoyalipia wiki hiyo, na lina faida ambayo mwalimu wa binafsi hana: anaona wengine nao wanaanguka. Kuna mtego mmoja. Madarasa ya kikundi huanza Jumapili au Jumatatu na huenda mfululizo, kwa sababu vyumba vingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Ukivutiwa na tiketi ya ndege ya Jumatano iliyoshuka bei, mtafika darasa limeshaanza, na utalazimika kukodi mwalimu wa binafsi kwa pesa inayomeza punguzo lote la ndege. Uliza pia lugha ya kufundishia. Usiridhike na "walimu wetu wanazungumza lugha nyingi". Taka jibu kuhusu darasa la wanaoanza, wiki yenu.

Sehemu ya pili ni mahali pa kulala. Watu hubana matumizi hapa kwanza, mimi ningebana hapa mwisho. Chumba kilicho hatua chache kutoka uwanja wa mazoezi kinamruhusu shemeji kusema "nimechoka" saa nane mchana, akaenda kulala, na wewe ukabaki mlimani hadi lifti zinapofungwa bila kinyongo upande wowote. Chumba cha bei nafuu kilicho mwisho wa kijiji kinageuza uchovu wa mmoja kuwa safari ya wote wawili. Tafuta kidogo chenye jiko, si cha kifahari. Chakula cha mchana mlimani ndicho kinachotafuna bajeti kimyakimya, na supu mliyopika wenyewe jana usiku itawatosha.

Mengine nitayapitia haraka. Vifaa kodini, tena wekeni oda mtandaoni siku kadhaa kabla. Bei ya dukani siku ya kufika huwa juu. Kama wewe una skii zako, linganisha ada ya ndege ya kuzibeba kwenda na kurudi na gharama ya kukodi nzuri huko huko, usisafiri nazo kwa mazoea. Buti zako lakini chukua. Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege uulizie kabla ya kulipia ndege, maana ndege ya bei poa inayotua saa tano usiku huishia kwenye teksi ya bei mbaya.

Nije kwenye ofa zenyewe.

Bulgaria. Sifa yake ya unafuu ni ya kweli kwa vyumba, chakula na masomo. Kwa pasi ya lifti si ya kweli kama zamani. Bansko imekuwa ikipandisha kila msimu. Tangu tarehe 1 Januari 2026 nchi hiyo inatumia yuro, kwa hiyo angalau kulinganisha kumekuwa rahisi. Tatizo la Bansko kwenu ni umbo lake. Mji uko chini, karibu mita 950, uwanja wa kuanzia uko juu Banderishka Polyana, na kinachounganisha ni gondola moja kuu ambayo foleni yake ya asubuhi ni mashuhuri. Ukikosa gondola, kuna njia ndefu ya kuteleza kurudi mjini, ambayo jioni hujaa watu waliochoka na mabaka ya barafu. Borovets naipenda zaidi kwa hali yenu. Ni kilomita 70 hivi kutoka Sofia, hoteli nyingi ziko chini kabisa ya mteremko, na gondola ya Yastrebets itakupandisha wewe kwenye sehemu ya juu. Haina ukubwa wa kukuchanganya akili, na chini ni mita 1,350 tu, kwa hiyo hii ni ya Januari. Pamporovo, inayouzwa bei chini zaidi, ni murua kwa wawili wanaoanza pamoja. Kilele chake kina mita 1,926 na ifikapo Jumanne utakuwa umeimaliza.

Andorra. Hapa uangalie kwa makini jina la kijiji, kwa sababu ofa zote huandika "Grandvalira", eneo la skii lenye vijiji kadhaa na njia za kilomita zipatazo 210, kana kwamba ni mahali pamoja. Pas de la Casa ni nafuu, pako juu, na pana kelele za vijana hadi usiku wa manane. Soldeu ni ghali zaidi kidogo, na ndiyo inayowafaa. Gondola inatoka kijijini hadi Espiolets, mita 2,250, na huko ndiko liliko eneo la wanaoanza na shule ya skii, ambayo kwa miaka mingi imesifiwa kwa kufundisha wageni kwa Kiingereza. Mnapanda pamoja asubuhi, mnaagana mlangoni mwa shule, wewe unachukua lifti ya kuendelea. Jioni yeye anashuka kwa gondola. Ni fungu la tatu lile nililolisema, kama lilivyo kwenye kitabu. Kodi za nchi hiyo ni ndogo, ndiyo maana vifaa na mafuta ya kujipaka ni bei ya chini. Kasoro yake ni kwamba Andorra haina uwanja wa ndege wa kimataifa. Mtatua Toulouse au Barcelona na kukaa kwenye basi takriban saa tatu.

Italia. Watu wengi huiruka wakidhani ni ya matajiri wa Cortina. Passo Tonale si Cortina. Ni safu ya majengo makubwa kando ya barabara, mita 1,883 juu, pasipo na haiba yoyote ya kadi za posta, na ndiyo sababu bei zake ni za kibinadamu. Mbele ya hoteli kuna uwanja mpana unaotazama kusini, wenye jua siku nzima, unaopanda taratibu kutoka zulia hadi bluu halisi. Ng'ambo ya barabara kuna gondola zinazokwea hadi barafu ya Presena, kama mita 3,000, pamoja na njia nyeusi ya Paradiso, ambayo itakunyamazisha. Kwa gondola nyingine unaungana na Ponte di Legno bondeni. Kumbuka tu kwamba Tonale iko juu ya mstari wa miti. Ukungu ukishuka, theluji na anga huwa kitu kimoja cheupe na mwanafunzi hajui hata kama anasonga au amesimama. Siku kama hiyo wewe kimbilia njia za msituni za Ponte di Legno, na yeye apumzike. Livigno nayo, mita 1,816, ina viwanja vya wanaoanza kando ya kijiji kizima, na bidhaa zake hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Ilipokea mashindano ya ubao wa theluji na mitindo huru ya Olimpiki ya 2026. Lakini kufika huko ni safari ndefu ya milimani, na milima yake miwili iko pande mbili za bonde, kwa hiyo hakikisheni mmelala upande wa shule yake.

Ufaransa. Kama ofa yenu ni ya Alpe d'Huez kwenyewe, itazameni kwa jicho zuri: juu tu ya kijiji kuna uwanda mpana wa njia za kijani ambao ni miongoni mwa bora Ulaya kwa wanaoanza, na kutoka hapohapo lifti zinakupeleka Pic Blanc, mita 3,330, inakoanzia Sarenne, njia nyeusi ya kilomita 16. Tatizo ni bei. Mawakala hulitatua kwa kukuuzia chumba katika vijiji vya pembeni kama Oz-en-Oisans au Auris, kisha wakaandika "eneo la Alpe d'Huez". Hapo ndipo unapouziwa mbuzi kwenye gunia. Eneo la lifti ni lilelile, ule uwanda hauko hapo, na kuufikia shemeji atahitaji uwezo anaoendea kuutafuta. Montgenèvre, mpakani na Italia, ni mbadala wa kweli: iko mita 1,850 hivi, viwanja rahisi viko mbele ya kijiji, na wewe unaweza kuvuka mpaka kwa skii kuingia eneo la skii la Via Lattea upande wa Italia.

Sasa tumzungumzie shemeji mwenyewe, kwa sababu mlima mzuri haumsaidii mtu mwenye buti mbaya. Naweka dau kwamba ile siku aliyoanguka buti zake zilikuwa kubwa. Duka la kukodi likiwa na foleni, mfanyakazi huuliza namba ya kiatu, huleta buti, na mgeni husema "ziko sawa" kwa sababu hazimbani. Buti ya skii isiyobana ni usukani usiounganishwa na magurudumu. Avae soksi moja tu, nyembamba, iliyovutwa bila mkunjo. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti. Akisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti na kusukuma ugoko mbele, vidole virudi nyuma viache kugusa. Afunge vifungo, ajaribu kuinua kisigino: kikinyanyuka, buti ni kubwa, arudishe bila aibu. Baada ya dakika kumi dukani bado hakuna mahali panapochoma? Hiyo ndiyo yake. Mwambie pia asione haya kutaja uzito wake halisi na kusema kwamba anaanza. Vifungio vya skii hupangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na uwezo wa mtu, ili viachie mguu kwa wakati anapoanguka. Mwanamume anayejipandisha cheo kaunta anajipangia goti bovu. Skii zenyewe zimfike kidevuni, si zaidi.

Usimfundishe wewe. Najua unaweza, na najua utaona mwalimu anachelewa. Mwache. Unachokijua kimeingia mwilini miaka mingi na huwezi tena kukieleza kwa maneno. Yeye naye akikosea mbele yako anaona aibu ambayo mbele ya mgeni hana. Kazi yako ni ya mchana. Baada ya chakula, mpe saa moja na nusu kwenye njia aliyokwisha kuishuka na mwalimu asubuhi ileile, si nyingine mpya "nzuri zaidi". Tangulia polepole akufuate nyuma kwenye mikunjo yako, au kaa nyuma yake umkinge na wanaokuja kwa kasi. Sheria za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinamtaka anayetoka juu ndiye amwangalie aliye chini, lakini si wote wanaozisoma. Na wewe usikae tu unasubiri: njia rahisi ndipo pa kurekebisha makosa yaliyofichwa na kasi. Jaribu kugeuka kwa mguu mmoja wa nje, au bila fimbo. Saa tisa mwache aende zake, kabla miguu yake haijaisha. Ajali nyingi za wanaoanza huja kwenye ule mteremko mmoja wa nyongeza.

Bima msiifanyie mzaha. Nchini Italia bima ya madhara kwa mtu mwingine ni lazima kisheria kwa kila anayeteleza tangu Januari 2022, na kofia ngumu sasa ni lazima kwa wakubwa pia. Ufaransa mtu akivunjika mlimani, gharama ya kumshusha kwa machela ya kuburutwa kwenye theluji huja kwake. Ndiyo maana kwenye dirisha la pasi wanauza bima ya Carré Neige kwa yuro chache kwa siku. Kama bima yenu ya safari haisemi wazi "skii" na "uokoaji mlimani", chukueni hiyo. Na ule usemi kwamba kadi ya afya ya Ulaya inatosha si kweli: inagusa matibabu ya hospitali za umma, haigusi kushushwa mlimani wala kurudishwa nyumbani.

Mfuko wenu na hofu yake nikiviweka pamoja, mimi ningelipia Passo Tonale, wiki ya pili au ya tatu ya Machi, Jumamosi hadi Jumamosi, darasa la kikundi kwake na pasi kamili kwako peke yako. Soldeu ni chaguo la pili, na linapanda kuwa la kwanza kama ndege ya kwenda Toulouse au Barcelona ni nafuu kwenu kuliko ya Bergamo au Verona. Borovets iwe ya mwisho kama hesabu hazikubali kabisa, ila mwende Januari. Kabla ya kutuma pesa mwandikie mwenye nyumba umuulize ni umbali gani kutoka mlangoni hadi uwanja wa wanaoanza. Akijibu "dakika tano tu", muulize kama ni kwa miguu au kwa basi, na kama basi hilo hupita saa nane mchana.